Mgeni wa Bibi



Jana bibi kanipigia simu anacheka. Mtoto wa mama mdogo, ana miaka 4, alilala kwake. Kitanda kikawa meli, khanga ikawa tanga, na bibi, yeye na magoti yake, akapanda abiria! Kwenye rozari mtoto alisinzia tendo la pili. Bibi akamalizia kwa kunong'ona asimwamshe.

Mimi humtumia bibi hela kila mwezi, basi najiona nimemaliza. Yule mtoto hakupeleka hata sukari.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliiweka Jumapili ya nne ya Julai kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Anna. Wewe, mara ya mwisho kulala kwa bibi ni lini? Mimi, aisee, miaka 6 imepita. Ijumaa napanda basi.