Asiyehesabiwa

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Rusizi huwaeleza wanafunzi kwamba neno "amekuja" halimwulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Fomu ya ofisi humwuliza.

Katika sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 tulipatikana watu 13,246,394, tukagawanywa wanaume na wanawake. Yule ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo anayojijua nayo alihesabiwa, lakini hakuhesabiwa yeye. Kenya mwaka 2019 iliwahesabu huntha, ikapata 1,524. Ni wale waliotajwa mbele ya karani (na pengine mbele ya mkwe). Hata hivyo, huntha ni watu wengine. Hao tunaowazungumzia hawakupewa nafasi yao.

Audrey Mbugua wa Kenya alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Baraza la Mitihani likaamriwa kumpa cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Sisi tunaosahihisha mitihani twajua kuwa jinsia haimwongezei mtu hata alama moja.

Basi twauliza: nani atamwekea dawa mtu asiyekuwamo daftarini? Akiitwa dirishani hospitali kwa jina lisilolingana na sura yake, watu wote wakageuka kumtazama, huona afadhali arudi nyumbani na homa yake.