Mfadhili Haulizwi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto methali hiyo bila kuichunguza. Sasa nimestaafu, nakaa kibarazani kwangu hapa Katubuka, nami najiuliza: je, mkono uliojaa ukishalambwa, ulimi hubaki na uwezo wa kuuliza?

Nitatoa mfano unaonihusu mwenyewe. Mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, tajiri mmoja aliyekuwa akitafuta kura alituletea madawati 40 katika shule niliyokuwa nikiiongoza. Watoto walikuwa wakikaa sakafuni, hivyo vigelegele vilipigwa, nami nikatoa hotuba ya shukrani. Kabla hatujatawanyika, mama mmoja muuza migebuka wa Kibirizi alinyanyuka.

"Mwalimu," akasema, "tuliambiwa serikali inaleta ruzuku kwa kila mwanafunzi. Ya mwaka huu imefika kiasi gani, na imenunua nini?"

Swali lilikuwa halali. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliahidi ruzuku hiyo. Nilijua kuwa ilifika pungufu, na sikuwa nimeandika hata barua moja kuuliza sababu. Nikamjibu, "Mama, leo ni siku ya kushukuru. Tusimvunjie mgeni heshima." Akakaa.

Sikuhongwa hata senti moja. Hata hivyo nilifanya kazi ambayo mtu aliyehongwa angeifanya. Tangu siku ile nimeamini kuwa utajiri si lazima uibe ndipo uharibu uwajibikaji. Hutosha kutoa. Haki ya mwananchi ikimfikia kwa sura ya zawadi, anayedaiwa hupumua na anayedai huona haya. Yule mama hulipa kodi kila anunuapo kipande cha sabuni. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1998, wala haimuulizi mtu kama ni maskini. Fedha alizokuwa akiziulizia zilikuwa zake. Mimi nilimfanya aonekane mtovu wa adabu.

Taifa letu limehangaika sana na jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, miiko hiyo ikalegezwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, jambo lililoitwa takrima. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, kwani ilimbagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hizi zina maana. Lakini hakuna sheria iliyonilazimisha kumnyamazisha yule mama, na sidhani ipo ambayo ingenizuia.

Pengine msomaji atasema: Mwalimu, ungewaacha watoto sakafuni? La hasha. Wala sidai kuwa umaskini ni uadilifu. Wapo waliokula fedha za umma wakiwa hawana hata baiskeli. Mwenye mali na atoe, nasi tumshukuru. Ila shukrani isilipwe kwa ukimya. Ningeweza kuyapokea madawati, kisha nikafungua daftari la shule na kusoma hesabu mbele ya wote, mgeni akiwepo. Kama angekerwa, tungejua alichokuja kukinunua.

Yule mama bado tunakutana sokoni. Huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami naitikia marahaba. Madawati yale yalikwisha kuvunjika zamani. Jibu lake sijampa.