Punje Moja ya Ngano

Kosa huwa kubwa lini? Wengi wetu hujibu: linapoonekana kubwa. Natulipime jibu hilo kwa hesabu, kwani hesabu haina upendeleo.

Ibn Khallikan, mwanachuoni wa karne ya 13, amesimulia kisa cha mfalme wa Bara Hindi na Sissa, aliyemtungia mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe atakacho. Sissa akaomba ngano: punje 1 kwa chumba cha kwanza cha ubao, 2 kwa cha pili, 4 kwa cha tatu, na kila chumba maradufu ya kilichotangulia, hata vitimie vyumba 64. Mfalme akaliona ombi dogo mno. Hesabu ilipopigwa, ikadhihirika kwamba hakuna ghala la kutosha.

Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Mtu akihesabu punje moja kila sekunde, asilale wala asile, atahitaji zaidi ya miaka milioni 584,000. Abu Rayhan al-Biruni aliieleza hesabu hii yapata mwaka 1000, wala hakujumlisha chumba kwa chumba. Njia yake ni fupi: 2 mara 2 ni 4, 4 mara 4 ni 16, 16 mara 16 ni 256. Ukiendelea hivyo, mara ya sita unapata hesabu ya chumba cha 65, kama kingekuwapo. Toa 1, hiyo ndiyo jumla ya vyumba 64.

Kwa nini utoe 1? Kwa sababu kila chumba huzidi vyote vilivyokitangulia kwa punje moja. Cha nne kina 8. Vitatu vya mwanzo vina 7. Hapa ndipo penye mazingatio: kila hatua mpya ni nzito kuliko safari yote iliyokwisha pita.

Mwanafunzi wangu wa zamani, mvuvi, alikopa shilingi 1,000 kwa mla riba. Kila muda ulipopita bila kulipa, deni likafanywa maradufu. Alinijia likiwa 4,000. Nikamwambia, "Vuta subira, mwanangu, Mungu atafungua." Aliporudi lilikuwa 64,000, na mashua imekwisha chukuliwa. Mimi niliyesomesha hesabu za mirathi miaka mingi sikuhesabu hatua nne tu mbele. Zile 4,000 tungaliweza kuzichanga msikitini Ijumaa moja.

Subira ni fadhila kwa mja asiye na la kufanya. Palipo na la kufanya, kungoja ni uzembe tuliouita subira. Basi ndugu msomaji, iwapo nyumbani mwako mna deni, au uwongo wa kwanza wa mtoto, au ugomvi wa jamaa, usitazame udogo wake wa leo. Tazama kama ni jambo lenye kuzaana. Mfalme yule hakuwa mwongo wala bahili. Alihukumu kwa punje iliyokuwa mbele ya macho yake, nami nilifanya vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na atuamshe mapema. Amin.