Kura ya Jirani

Wanangu, kaeni kitako. Sauti yangu imekwisha, na maneno haya nimeyasema hapa barazani mpaka mengine mnayajua kwa moyo. Lakini maadamu nanyi hamchoki kusema yenu, nami nitarudia yangu.

Jana niliwasikia. Mmoja wenu alisema wabara ndio wanaotuharibia uchaguzi hapa Mombasa: hawachagui mtu, wanafuata kabila, mkubwa wao akikohoa, wote huelekea upande mmoja. Mkaitikia. Kahawa haijapoa, mkamgeukia kijana wa mtaa wa pili, ati amemuunga mkono mgombea wa bara, amevunja umoja wa Pwani. Basi nielezeni. Mkikuyu akimchagua Mkikuyu ni ukabila, Mdigo akimchagua Mdigo ni umoja? Mizani gani hiyo yenye mawe mawili?

Na huko bara nao wanayo yao. Husema Mpwani hajui haki yake, mpe leso na ngoma atakuchagua. Kila mmoja kajipa cheo cha mwanademokrasia, mwenziwe kamfanya kondoo.

Nimezungumza na watu wengi katika umri huu. Wapo wanaoamini demokrasia ni wingi tu: walio wengi washinde, waliobaki wanyamaze. Wapo wanaoamini ni wenyeji kutawala kwao. Imani zote mbili zina ukweli ndani yake. Ronald Ngala, kiongozi wa Pwani, na wenzake wa chama cha KADU walipodai serikali ya majimbo kabla ya uhuru, walihofu jamii ndogo zisimezwe na kubwa, na mimi sikuwahi kuiona hofu hiyo kuwa ya kipumbavu. Shida huja mtu anaposhika moja akaitupa nyingine. Aliyeshika wingi humwona jirani kuwa kichwa cha kuhesabiwa. Aliyeshika uenyeji humtazama mtu aliyezaliwa Likoni, akasoma Likoni, akazika mamake hapa, akamwita mgeni aliyekuja kutuibia viti.

Mnajua neno hilo lilitufikisha wapi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Kisha ikawa zamu ya nyumba za watu wa bara. Waliokufa walipita 100, na waliokimbia ni maelfu kwa maelfu. Uchaguzi ulikuwa Desemba ya mwaka huohuo. Aliyeandikishwa kupiga kura Likoni na sasa amelala kwa ndugu huko Machakos au Kisumu, angerudi vipi kwenye foleni? Watalii nao wakatoroka, hoteli za pwani ya kusini zikapunguza wafanyakazi, na waliorudi nyumbani mikono mitupu wengi walikuwa vijana wetu wenyewe. Wanasiasa waliochochea hawakulala njaa hata siku moja.

Nanyi msisahau kwamba sisi pia tumeonja kutiliwa shaka. Ni wangapi kati yenu mlioitwa kuhojiwa mlipokwenda kutafuta kitambulisho, mkatakiwa mlete cheti cha babu, kwa sababu tu ya jina? Tazameni Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mkonge na miwa. Walizaa, wakajukuu, na bado hawakuwa na kitambulisho wala kura. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo serikali ikawatambua. Wakati wote huo walikuwapo watu wa hapahapa waliosema wale si wenzetu.

Mnasema wabara hufuata kabila tu. Yupo mama Mkamba anayeuza mboga karibu na kituo cha matatu. Nilimuuliza kwa nini alimchagua mwakilishi wa wadi yetu. Akanijibu huku anafunga mafungu ya mchicha: ni kwa ajili ya taa alizoleta, sasa anaweza kuuza hadi saa tatu usiku bila kuporwa. Mdigo wa meza ya pili, muuza nazi, alimchagua mtu huyohuyo kwa taa hizohizo. Mnapita mbele ya meza hizo kila jioni, hakuna aliyewahi kuwauliza. Mlishawajibia.

Katiba ya 2010 imesema waziwazi kwamba raia si mgeni popote nchini. Ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Ibara ya 138 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hakuna kabila linaloweza kutimiza hayo peke yake, si lao si letu.

Uchaguzi wa mwaka 2027 hauko mbali. Nendeni mkajiandikishe, na mkipita kwa yule mama, muulizeni kama usajili wake wa kupiga kura uko sawa. Kama hamkubaliani naye, bishaneni naye kwa hoja, mezani pake. Neno "wageni" sitaki kulisikia tena barazani hapa.