Kibuyu Chenye Namba

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: kibuyu cha kasikisi. Hapa Bungulu, kama kule Butembo, siku ya sherehe kibuyu hakikai mbele ya mtu mmoja. Kinazunguka. Mzee anakunywa, anampa mwenzake, mpaka kinarudi kitupu. Yule anayekishika peke yake, watu wanamuangalia vibaya.

Tuseme sasa kijana wetu amekichora kibuyu hicho, pamoja na kinu na kitunga cha mihogo, kwa rangi kali kali: waridi, manjano, buluu. Amechapa karatasi 50, akaziandika namba toka 1 mpaka 50, kisha akavunja kibao chake ili isichapwe tena hata moja. Wazee watasema: "Huyu anachezea vitu vya bankambo." Je, amekosa? Na kama amekosa, kosa liko wapi?

Kwa maoni yetu, haliko kwenye rangi. Waholanzi wa karne ya 17 walichora matunda, samaki na vikombe juu ya meza. Wafaransa huita picha za namna hiyo nature morte, ni kusema "asili iliyokufa". Miaka ya 1970, Roy Lichtenstein wa Marekani alichukua matunda na majagi ya aina hiyo, akayachora kwa mistari minene myeusi kama ya vitabu vya katuni. Tunda halikuacha kuwa tunda. Na kibuyu cha waridi bado ni kibuyu.

Swali liko kwenye namba. Mwaka 1962 Andy Warhol alichora makopo 32 ya supu ya Campbell's, chakula cha dukani cha mtu yeyote. Mwaka 1968 akatoa chapa 10 za makopo hayo, kila moja kwa nakala 250 zenye namba. Leo wanaozitafuta ni matajiri na majumba ya makumbusho. Kitu cha wote kimekuwa cha wachache.

Kikwembe kilifuata njia nyingine. Tuangalie kile kinachoitwa Six Bougies, cha Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Iko na picha ya bougies sita za gari. Ilisemwa kwamba mama anayekivaa ana uwezo wa gari la silinda 6. Na wangapi walikivaa bila kuwa hata na baiskeli! Hapo kitu cha wachache kiligeuka cha wengi. Hata hivyo mama zetu wanakitunza ndani ya sanduku na kuwarithisha mabinti. Basi, thamani ya kutunza haitoki kwenye namba peke yake.

Lakini tusimuonee kijana. Naye anakula, analipa nyumba, ananunua rangi. Namba ndiyo inapandisha bei. Sanaa si sadaka.

Ila tuko na sababu yetu ya kusumbuka. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya kuzunguka Beni yamefukuza jamaa nyingi vijijini. Mtu anakimbia na godoro na sufuria. Kinu na kibuyu vinabaki. Kwa mtoto anayekomalia mjini, pengine picha ndiyo kibuyu cha kwanza atakachokiona. Kama picha hiyo nayo inatundikwa tu kwenye saloni za mbali, mtoto huyo amepoteza mara mbili.

Kwa hiyo tunasema hivi: kijana aandike namba zake 50, auze vizuri. Lakini kabla ya kuvunja kibao, achape zingine zisizo na namba, kwa bei ya mwalimu na ya mama wa soko, na moja aipeleke bure kwenye nyumba alikokichora kibuyu. Hiyo si sheria mpya. Kibuyu chenyewe kilitufundisha zamani: kunywa, halafu mpe mwenzako.