Uzee Huanza Lini?

Jumanne

Soma Hesabu 8:23–26; Yoshua 14:6–13; 2 Samweli 19:31–39.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Mpaka huo husaidia kupanga huduma. Hata hivyo, kijana wa miaka 30 anaweza kuwa mzee wa kanisa, na mtoto humwita baba yake mzee. Basi, uzee huanza lini?

Biblia haitoi umri mmoja. Mlawi aliacha utumishi wa hema akiwa na miaka 50. Mjane aliandikwa katika orodha ya kanisa akiwa na miaka isiyopungua 60 (1 Timotheo 5:9). Kila mpaka ulikuwa na kusudi lake. Tena, Mlawi wa miaka 50 hakufukuzwa hemani. Kazi nzito ilikoma, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi.

Walinganishe wazee wawili. Kalebu, mwenye miaka 85, aliomba apewe nchi ya milima walikokaa Waanaki, akisema nguvu zake za vita hazijapungua. Barzilai, mwenye miaka 80, alikataa mwaliko wa Daudi wa kuishi Yerusalemu: hakuonja tena ladha ya chakula, wala hakusikia vema sauti za waimbaji. Aliomba Kimhamu aende badala yake.

Barzilai hakuwa mtu asiyefaa. Mzee huyu asiyeonja ladha ya chakula ndiye aliyemlisha mfalme alipokimbilia Mahanaimu. Yeye na Kalebu walisema kweli kuhusu miili yao, nao walisikilizwa. Yoshua hakumwambia Kalebu apumzike. Daudi hakumlazimisha Barzilai.

Hapa ndipo kanisa hujaribiwa. Mzee anaweza kung'ang'ania wadhifa uliokwisha kumshinda; vijana wanaweza kumstaafisha bila kumwuliza. Uzee hauji siku moja kwa kazi zote: miguu huweza kuchoka kabla ya ushauri, na macho kabla ya maombi. Kwa hiyo, kabla ya kumpunguzia mtu kazi, aulizwe: ni mzigo upi umemzidi, na upi bado anauweza? Ajibu yeye kwanza.

Tafakari: Je, yupo mzee katika kundi lenu aliyewekwa kando bila kuulizwa? Mtamwendea lini? Nawe, ni huduma ipi ambayo wakati umefika umwachie Kimhamu wako?