Filimbi Apewe Nani? Haki na Usaili katika Vyuo vya Sanaa za Maonyesho

Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle anauliza filimbi iliyo bora apewe nani. Jibu lake ni kwamba apewe mpigaji hodari, si mwenye nasaba wala uzuri wa sura. Hoja hii ndiyo inayojificha nyuma ya utetezi wa vyuo vya maonyesho vinavyochagua wanafunzi wachache kwa usaili. Makala haya yanaichunguza kwa kurejelea vyuo viwili vya Marekani: Juilliard, ambacho Kitengo chake cha Drama kilipokea darasa la kwanza mwaka 1968, na Yale.

Usaili wenyewe ni mfupi. Mwombaji huigiza vipande viwili vya uzungumzinafsi vinavyotofautiana, kimoja aghalabu cha Shakespeare au mtunzi mwingine wa kale, kingine cha kisasa, kila kimoja cha dakika chache tu. Wachache huitwa tena. Hatimaye, kutoka mamia ya waombaji, kila chuo hubaki na darasa la waigizaji wasiozidi ishirini hivi.

Hapa ndipo hoja ya Aristotle inapopwaya. Filimbi yake hupewa aliyekwisha kuwa mpigaji; chuo humpa filimbi mtu ambaye bado hajawa mpigaji. Msaili hupima kinachoonekana leo ilhali anachokitafuta ni cha kesho. Wala haitoshi kudai kwamba mafanikio ya wahitimu yanauthibitisha uamuzi huo. Lupita Nyong'o alihitimu Yale mwaka 2012 na kutuzwa Oscar mwaka 2014, lakini ufanisi wa aliyechaguliwa hausemi lolote kuhusu aliyekataliwa. Huyo hakupewa filimbi, kwa hiyo muziki wake haujulikani.

Suala la pili ni la kipimo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwombaji aliyelelewa katika mapokeo ambayo msaili anayaita ya kale huwa yuko kwao. Mwingine huanza akiwa mgeni. Viola Davis, aliyehitimu Juilliard mwaka 1993, ameeleza katika tawasifu yake, Finding Me (2022), jinsi mafunzo yalivyoegemea tamthilia za Wazungu. Hata hivyo, haifuati kwamba Shakespeare aondolewe. Linalofuata ni kwamba kipimo kimoja kisichukuliwe kuwa ndicho kipaji chenyewe.

Aidha, kuna suala la kundi. Vyuo vya aina hii huunda darasa kama kundi la waigizaji, hivyo kwamba mwombaji hodari huweza kuachwa kwa kuwa nafasi ya mfano wake imejaa. Yamkini hili si dhuluma, kwani drama ni sanaa ya pamoja. Dhuluma huingia pale aliyeachwa anapoondoka akiamini ameambiwa hana kipaji, na chuo kikanyamaza. Mwenye mamlaka ya kukataa ana wajibu wa kuweka wazi kile alichokikataa.

Fedha nazo hazisahauliki. Mwaka 2021, mchango wa David Geffen wa dola milioni 150 uliiwezesha Skuli ya Drama ya Yale kufuta karo kwa wanafunzi wake wote. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, lakini huanza kufaa baada ya mlango kufunguliwa. Gharama za safari na za mwalimu wa kumwandaa mwombaji hulipwa kabla ya hapo, na asiyeweza kuzilipa hahesabiwi hata miongoni mwa walioshindwa.

Je, heri basi kupima kwa alama za mtihani, kama inavyofanyika Kenya, ambako asasi ya KUCCPS iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 huwapangia wanafunzi kozi kwa matokeo ya KCSE? Alama hazimpendelei mwenye sura wala lafudhi, lakini pia hazimwoni mwigizaji. Utaratibu mmoja hukosea kwa kutazama kidogo mno, mwingine kwa kutotazama kabisa.

Almuradi, usaili hauna budi kuwapo, ila uache kujidai kuwa hukumu. Ni ubashiri, na haki ya mbashiri hupimwa kwa mambo mawili: kuwapa watu wengi iwezekanavyo nafasi ya kuonekana, na kukiri kwamba angeweza kubashiri vingine.